Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vitabu vya watoto: Tom Feelings alituchorea, mfungulieni mlango

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, Mtendaji Mkuu wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, Nairobi, Katibu Mtendaji wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, Katibu Mtendaji wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar, na wakuu wa huduma za maktaba za nchi zetu.

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya shule. Nimechora mbuzi, vibuyu, magari ya abiria na watoto waliovaa sare kwa miaka kumi na tisa. Leo siombi kazi. Nawaandikia kwa ajili ya mchoraji mwenzangu aliyefariki tarehe 25 Agosti 2003, Mmarekani, ambaye kazi yake ingestahili kuwa kwenye rafu ya kila darasa la kwanza kutoka Lamu hadi Kigoma. Aliitwa Tom Feelings.

Mwaka 1971 alichora kitabu cha watoto cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi, kinachoitwa Moja Means One. Mwaka 1974 akachora cha pili, Jambo Means Hello, cha herufi za Kiswahili, zote 24, maana Q na X hatuna. Maneno ya vitabu vyote viwili yaliandikwa na Muriel Feelings, mkewe, aliyekuwa amefundisha Uganda na kukibeba Kiswahili moyoni aliporudi kwao. Kila kimoja kilipewa heshima ya Caldecott, ambayo kwa mchoraji wa vitabu vya watoto Marekani ni kama kuitwa mbele ya mkutano mzima na kuvishwa joho. Kabla ya 1972 hakuna mchoraji Mmarekani mweusi aliyekuwa ameipata heshima hiyo. Wa kwanza aliipata kwa kitabu kinachosema moja, mbili, tatu.

Lugha yetu ndiyo iliyomfikisha pale, na sisi hatuna habari naye.

Mimi mwenyewe nilikuwa sina habari. Nilikiona kitabu cha kuhesabu mikononi mwa mtoto wa dada yangu, anayekulia Ohio. Alikuja likizo na mama yake, tukaenda naye Kilosa kumsalimia bibi yake, yaani mama yetu. Jioni akatoa kwenye begi kitabu alichoazima maktaba ya kwao. Alikuwa na miaka minane, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini namba alizijua zote na alizijulia humo. Akamfungulia bibi ukurasa wa kwanza: mlima Kilimanjaro, mmoja, na theluji yake. Akamfungulia wa pili: mchezo ambao kitabu kinauita mankala. Mama akasogeza kitabu karibu na taa, akasema, "Hili si bao hili?" Akaendelea kufunua mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye vibanda vya sokoni. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mchoraji wa ukoo, "Nani kachora? Huyu anatujua."

Nikasoma jina jaladani. Nikamwambia ni mtu wa Brooklyn, New York. Mama hakuniamini, na sikumlaumu.

Tangu siku ile nimemfuatilia mtu huyu kwa kila njia niliyoiweza, na naomba mnivumilie nieleze maisha yake kidogo, kwa sababu ombi langu limo ndani ya maisha hayo.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1933, akakulia Bedford-Stuyvesant, mtaa wa watu weusi wa Brooklyn. Utotoni alikuwa akinakili katuni za magazetini, kama tulivyoanza sote. Mtaani kwao palikuwa na mwalimu wa uchoraji, mtu mweusi, Bwana Thipadeux, aliyemwambia aache kunakili, awatazame watu wanaomzunguka na kuwachora hao. Neno hilo moja ndilo lililomtengeneza. Baadaye alisoma kwenye shule ya wachora katuni ya New York, ile inayoitwa sasa School of Visual Arts, kisha kuanzia 1953 hadi 1957 akawa kwenye jeshi la anga la Marekani, London, kitengo cha michoro.

Alirudi New York wakati ambapo mchoraji wa kibiashara alikuwa mtu wa maana. Magazeti na majarida yalihitaji picha kila wiki. Sabuni, sigara, friji, magari, hadithi za mapenzi za majarida ya akina mama, vyote vilipita kwanza mkononi mwa mchoraji kabla ya kumfikia mnunuzi. Lakini nyuso zilizouzika zilikuwa nyeupe, na mkoba wa Tom Feelings ulijaa nyuso nyeusi. Mwaka 1958 alianza kuchora hadithi ya katuni kwenye New York Age, gazeti la watu weusi la Harlem. Mhusika wake, Tommy, ni mtoto anayesoma vitabu vya daktari mmoja wa mtaani, na kila akisoma anajikuta ndani ya historia yenyewe, pamoja na mashujaa weusi kama Frederick Douglass au Crispus Attucks, watu ambao darasani hakuwahi kuambiwa habari zao. Katuni ile haikumtajirisha. Ila tazameni alichokuwa akikifanya: mtoto aliyenyimwa historia yake shuleni anaipata kwenye picha.

Kuna jambo alilisimulia mwenyewe ambalo mimi siwezi kulisahau. Alikuwa akichora watoto wa Brooklyn, na msichana mdogo akaja kuchungulia. Yule mtoto akamwambia kuwa picha zile ni mbaya. Alipojaribu kumwambia kwamba anawachora watoto weusi wazuri kama yeye, akajibiwa kwamba hakuna kitu cheusi kilicho kizuri. Mtoto mdogo, mweusi, anasema hayo mbele ya mchoraji mweusi. Mchoraji mwingine angevunjika moyo, akarudi kwenye matangazo ya sabuni.

Mtoto yule hakuyatunga maneno yale mwenyewe. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mtaalamu wa usomaji, alichapisha hesabu yake ya vitabu vya watoto vilivyotolewa Marekani kuanzia 1962 hadi 1964. Vilikuwa 5,206. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwenye maneno au kwenye picha, vilikuwa 349. Mtoto akisoma rafu nzima bila kujiona, atajibu vingine vipi?

Mwaka 1964 Feelings alihamia Ghana ya Nkrumah. Alifanya kazi kwenye shirika la uchapishaji la serikali, kwenye jarida la The African Review, na kule mkono wake ukabadilika. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Brooklyn alikuwa akiona huzuni kwenye nyuso za watoto, na Ghana akaona mwanga unaotoka ndani ya ngozi nyeusi. Anayeshika wino anaelewa uzito wa maneno hayo. Ngozi nyeusi ukiichora kwa mazoea ya kizungu, unaijaza kivuli tu, uso unapotea, yanabaki macho na meno. Ni lazima ujifunze upya mahali mwanga unapokaa: kwenye mfupa wa shavu, juu ya kope, ukingoni mwa mdomo. Feelings alijifunza, kisha akawa na miaka thelathini zaidi ya kuitumia elimu hiyo. Naomba mchukue kitabu chochote cha darasa la pili kilichoko mezani kwenu, mtazame nyuso za watoto wetu zilivyochorwa, halafu mniambie kama tumejifunza.

Nkrumah alipinduliwa Februari 1966, na Feelings akarudi kwao mwaka huohuo. Akakuta mambo yamebadilika. Sheria ya elimu ya 1965 ilikuwa imezipa shule za Marekani fedha za kununulia vitabu vya maktaba, watu weusi walikuwa wakidai watoto wao waonekane, na wachapishaji wakaanza kuwatafuta wachoraji waliokuwa wakiwafungia milango. Mwaka 1968 kikatoka To Be a Slave, alichokichora kwa maneno ya Julius Lester. Kisha, 1970, Zamani Goes to Market, maneno ya Muriel, hadithi ya mtoto wa Afrika Mashariki anayekwenda sokoni na baba yake kwa mara ya kwanza. Kisha vile viwili vya Kiswahili. Wakubwa zangu, mlango ule ulifunguka kwa sababu serikali ilitoa fedha ya vitabu na watu wakasimama kudai. Kipaji chake kilikuwepo tangu 1958, kikiwa na njaa.

Nisemeje kuhusu picha zenyewe? Hazikuchapwa kwa rangi zote. Ni wino mweusi, rangi nyeupe ya tempera, na vivuli vya joto katikati. Kila neno lina kurasa mbili nzima kwa picha yake. Arusi ina kurasa mbili. Heshima ina kurasa mbili. Uzuri una kurasa mbili, na ninapoutazama ukurasa huo namkumbuka yule msichana wa Brooklyn aliyesema hakuna cheusi kilicho kizuri. Nadhani Feelings alikuwa bado anamjibu.

Nataja uchapaji kwa makusudi. Kila tunapoomba vitabu vya picha vilivyo bora tunaambiwa rangi ni ghali. Heshima mbili za Caldecott zimepatikana kwa wino mweusi na uvumilivu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mwaka 1971, mwaka uleule wa kitabu cha kuhesabu, serikali ya Guyana ilimwita Feelings. Guyana ni nchi ndogo, ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu kabla yake, na haikuwa na fedha ya kuchezea. Wizara yake ya elimu ikampa mradi wa vitabu vya watoto auongoze, na kazi ya kuwafundisha vijana wa Guyana kuchora vitabu vya nchi yao. Alikaa huko mpaka 1974. Walijua kwamba huwezi kuagiza macho ya mgeni yakuonyeshe watoto wako, hivyo wakamwajiri anayejua ili awafundishe wa kwao. (Miaka hiyohiyo Walter Rodney, mtoto wa Guyana, alikuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Guyana ilitupa Rodney, na ikamchukua Feelings. Huyu wa pili sisi hatukumwona kabisa, ingawa ndiye aliyekuwa akichora kwa lugha yetu.)

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, ni wizara gani ya elimu Afrika Mashariki yenye shule, au hata darasa moja, la kufundisha wachoraji wa vitabu vya watoto kama kazi kamili? Tunafundishwa kuchora chungu na chombo cha maua. Kufuatana kwa kurasa, namna mtoto anavyosoma picha kabla ya kusoma neno, mahali pa kuacha nafasi ili mwalimu aulize swali, hayo tunajifunza kwa kukosea ndani ya vitabu vinavyokwenda kwa mamilioni ya watoto.

Ninasema haya nikiwa na kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita nilimchorea mchapishaji mmoja kitabu cha kusoma cha darasa la pili, michoro sitini na minne. Nililipwa kwa mkupuo, na sikulalamika, nilikuwa na ada ya kulipa. Kitabu kilipotoka nilikipekua mbele na nyuma kutafuta jina langu. Mwandishi alikuwepo, mhariri alikuwepo, aliyepanga kurasa alikuwepo. Nilipokwenda kuomba michoro yangu nirudishiwe, kijana wa stoo alinionyesha boksi lililolowa mvua. Karatasi zilikuwa zimeshikana kama mkate. Kitabu kimechapwa tena mara mbili. Ofisa mmoja aliniambia kwa upole kabisa, hakukusudia ubaya, kwamba picha ni za kupamba, kitabu ni maneno.

Mtoto wa miaka sita hajui maneno. Anaanza na picha. Bibi yake aliyekosa shule naye anaanza na picha, na mama yangu pale Kilosa alikisoma kitabu kizima cha Feelings bila kujua neno moja la Kiingereza kilichoandikwa chini yake.

Ndiyo, maelezo yake ni ya Kiingereza. Namba na majina ya vitu ndivyo vya Kiswahili, kwa sababu viliandikiwa watoto weusi wa Marekani waliokuwa wakiitafuta Afrika kwa lugha yetu, wakati uleule ambapo Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanza 1966, ilikuwa ikiwafundisha kusema umoja, ujima, nia na imani. Ni zawadi iliyotengenezwa huko kwa neno tulilolitoa sisi. Ninachoomba ni zawadi hiyo ije upande wa pili wa bahari, yote ikiwa ya Kiswahili.

Kwa hiyo naomba Kamisheni ya Kiswahili iwaandikie wenye haki za vitabu hivi, mchapishaji wa New York na warithi, ili ipatikane chapa ya Kiswahili kitupu kwa ajili ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Barua ya ofisi yenu itajibiwa. Yangu mimi ni ya mtu binafsi. BAKITA isimamie maneno mapya, na isione haya kurekebisha: kwetu mchezo ule uandikwe bao, matamshi yaliyowekwa kwa ajili ya wageni yaondolewe. Picha zisiguswe. Zisitiwe rangi na kompyuta ili zing'ae, nawasihi sana, maana nawafahamu wapangaji wetu wa kurasa. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunakusanyika kwa hotuba na ngoma. Siku hiyo ingefaa kitabu hiki kuzinduliwa, na watoto wapewe nakala waende nazo nyumbani.

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na KICD nawaomba mlitazame lile la Guyana kwa umakini. Anzeni na vijana kumi kila nchi, miaka miwili, wakiwa na mishahara, wakifundishwa na wachoraji waliokwisha kufanya kazi hii. Tanzania tuna uzoefu wa kujengea. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 uliwahi kutuonyesha kwamba kitabu kizuri cha mtoto kinaweza kuandikwa, kuchorwa na kuchapwa hapahapa. Na katika mikataba yenu na wachapishaji, wekeni kifungu kwamba jina la mchoraji lichapwe jaladani sambamba na la mwandishi, na kwamba michoro halisi irudishwe kwa aliyeichora au ipelekwe mahali pakavu penye mtu wa kuitunza. Kifungu hicho hakiongezi hata shilingi kwenye bei ya kitabu.

Kwa wakuu wa maktaba ombi langu ni moja zaidi, na ni la vijana wakubwa. Feelings aliporudi Marekani kutoka Guyana alianza kuchora safari ya mateka waliovushwa Atlantiki. Ilitokana na swali la rafiki yake Mghana, aliyetaka kujua yaliwapata nini wale waliochukuliwa pale. Alikaa na swali hilo karibu miaka ishirini. Kitabu, The Middle Passage, kilitoka 1995. Ndani ya simulizi hakuna neno hata moja, ni picha tupu za weusi na weupe, kwa hiyo mwanafunzi wa Bagamoyo anaweza kuisoma sawa na wa Brooklyn bila kumsubiri mtafsiri. Mwalimu wa historia anayefundisha utumwa kwa kuandika tarehe ubaoni akikipata kitabu hicho atakaa kimya dakika nyingi kabla hajaanza kipindi. Nunueni nakala. Hata moja kwa kila maktaba ya mkoa.

Nakala yangu ya Moja Means One niliinunua kuukuu, ikanifikia kwa mkono wa dada yangu. Ina mhuri wa maktaba ya mji mmoja wa Pennsylvania iliyokiondoa kwenye rafu zake, na ukurasa wa nane una alama ya kidole cha mtoto, kama mafuta. Niko tayari kuileta Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Zanzibar kwa nauli yangu, niiweke mezani kwenu muifungue wenyewe. Naomba tu nirudi nayo, kwa sababu mama ameniomba aione tena kabla ya mavuno.

Wenu mtiifu,

Mchoraji wa vitabu vya shule, Morogoro